Gunia lina kilo ngapi? Barua ya wazi kwa wanaosimamia masoko ya mazao

Kwenu waheshimiwa mnaosimamia biashara, vipimo na ushuru wa mazao, kuanzia wizarani mpaka kwenye geti la halmashauri,

Shikamooni.

Naandika nikiwa nimeegemea gunia la viazi mviringo lililoshushwa alfajiri ya leo hapa Dar es Salaam, kutoka Njombe. Kwenye karatasi ya mzigo limeandikwa gunia moja. Vijana wawili walilisukuma hadi ukingoni mwa bodi ya Fuso, wa tatu akainama likamkaa mgongoni, akatembea nalo hatua kama arobaini hadi kwenye meza yangu, akalitua, akakaa chini bila kusema neno. Wateja wa kwanza walipopungua nililifungua nikalipima kwa mafungu. Kilo 142.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, mnaijua kuliko mimi. Mnajua gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na mnajua jina la kile kinachozidi: lumbesa. Haupiti muda kiongozi asisimame jukwaani akaipiga marufuku, na kila ikipigwa marufuku inarudi na kilemba, kile kichwa kinachoongezwa juu ya gunia, kirefu zaidi. Siwaombi marufuku nyingine. Nimefunga lumbesa mwenyewe kwa miaka sita, nikaiacha kwa safari moja, nikairudia, kwa hiyo naweza kuwaeleza inavyolipa, na kwa nini askari wa kukamata magunia hataimaliza.

Kwanza mwone inavyofungwa, maana wengi wenu mnaiona ikiwa tayari juu ya gari. Gunia linajazwa hadi mdomoni. Juu ya mdomo linashonewa nusu ya gunia jingine, au wavu, halafu viazi vinapangwa kwa mkono, vikubwa pembeni kama matofali ya kisima, vidogo katikati. Fundi wa kufunga anakanyaga kwa goti, anavuta kamba, anapanga tena. Kichwa kikishapanda kiasi cha mkono mmoja anaziba kwa nyasi na kushona. Mkulima amesimama pembeni anatazama. Bei alishapatana: gunia shilingi elfu sabini. Hajapatana gunia litaishia wapi.

Watu hudhani lumbesa ipo kwa sababu wafanyabiashara tuna roho mbaya. Wengine tunayo, sikatai. Lakini tazameni hesabu ya safari. Mwenye gari anatoza nauli kwa gunia. Wapakiaji wanalipwa kwa gunia, na washushaji vilevile. Geti la ushuru linahesabu magunia. Dalali wa Dar anachukua chake kwa gunia. Njia nzima, kutoka shambani Uwemba hadi sokoni mjini, hakuna mtu hata mmoja anayeuliza kilo. Sasa mtu mwenye akili timamu afanye nini? Ataongeza gunia. Kila kiazi kinachokaa juu ya kilemba kinasafiri bure.

Mwaka mmoja niliamua kufanya biashara kwa mizani. Nilinunua ya kilo 150, ya kukanyagia, nikaipeleka ikapigwa chapa ya ukaguzi, nikapanda nayo basi hadi kijijini kwa mama mkubwa. Wanakijiji walikuja kuitazama kama harusi. Nikawaambia nanunua kilo kwa shilingi 550. Aliyekuwa akiuza lumbesa ya kilo 140 kwa elfu sabini alikuwa akipata shilingi 500 kwa kilo bila kujua, kwa hiyo bei yangu ilikuwa nzuri. Mzee mmoja alipima gunia lake mara tatu, akalishusha, akapanda mwenyewe kwenye mizani kuona kama inasema kweli, akacheka, akaniambia, “Binti, kumbe miaka yote nilikuwa nawapa na cha juu.”

Nilichukua kilo 1,400, nikazifunga magunia 14 bapa, kilo 100 kila moja. Jirani yangu wa biashara, kijana ninayemheshimu, alichukua uzito uleule kwa lumbesa 10. Tukapandisha mzigo gari moja.

Nauli, kupakia na kushusha vilikuwa shilingi 12,000 kwa gunia. Yeye akalipa 120,000, mimi 168,000, kwa viazi vya uzito uleule, gari lilelile, barabara ileile. Tukafika getini. Hapa naomba msome polepole. Mwaka 2017 Serikali ilifanya jambo jema: ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na ikasema mzigo usiozidi tani moja ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine usitozwe. Tulishangilia. Lakini geti lile halikuwa na mizani. Lina kijana mwenye mashine ya risiti na macho yake. Akahesabu magunia ya jirani yangu: kumi. Gunia kumi ni tani moja, pita. Akahesabu yangu: kumi na manne. Dada, wewe umezidisha tani, lipa. Nikalipa 1,500 kwa kila gunia, yote 14. Nilimwonyesha karatasi niliyoandika kilo zangu moja moja. Akaniambia yeye hafanyi kazi na kilo.

Tulipofika Dar es Salaam, mnunuzi wa kwanza aliyapapasa magunia yangu akasema hayana kichwa. Lumbesa ya jirani ikauzwa 110,000. Bapa zangu zikaenda kwa 75,000, maana soko zima linajua bei ya gunia moja tu, lile lenye kilemba, na lisilo na kilemba linaonekana lina kasoro. Yeye alibaki na 280,000 baada ya gharama. Mimi nikabaki na 91,000. Safari iliyofuata nilienda bila mizani.

Hesabu hiyo nimewaandikia kwa urefu kwa sababu mikutano mingi ya uwekezaji niliyowahi kuisikiliza redioni huzungumzia mitaji, viwanda na wawekezaji kutoka nje, na hakuna anayetaja kijana wa getini asiye na mizani. Kilimo ni takribani robo ya pato la Taifa letu na kinabeba sehemu kubwa ya ajira. Uchumi wa namna hiyo unakua au unadumaa palepale mazao yanapobadilisha mikono. Na pale, waheshimiwa, mwaminifu ndiye aliyelipishwa faini. Halmashauri nayo ilikosa ushuru wa tani 1.4 zilizopita mbele ya macho yake.

Mkulima naye si mjinga, msimwonee huruma kupita kiasi. Akishajua kwamba juu ya gunia ataibiwa, anaiba katikati. Nimefungua magunia nikakuta viazi vya ukubwa wa goroli, vyenye kijani, vilivyokatwa na jembe, na safari moja udongo wa kutosha kuotesha mchicha. Mimi ninamuuzia muuza chipsi. Muuza chipsi anataka kiazi kirefu, kigumu, kisichonyonya mafuta. Akipata goroli mbili mfululizo anahama meza, au anataka punguzo kwa kila gunia akijikinga na lile moja baya. Basi kiazi kizuri kinauzwa kwa bei ya kibaya, na aliyelima kizuri anajifunza mwaka unaofuata asijisumbue.

Hapo ndipo ninapoona hasara yenyewe ilipo. Cha juu kinachopotea kwenye lumbesa kinauma, lakini kinabaki nchini, kinatoka mfuko huu kwenda ule. Kinachopotea kabisa ni mbegu bora ambayo haikununuliwa. Nyanda za Juu Kusini kuna mbegu nzuri, Sagitta kwa mfano, inayopendwa kwa chipsi. Mbegu safi ni ghali. Mkulima anaponunua mbegu ya bei, akaweka mbolea, akapiga dawa ya ukungu kila mvua inaponyesha, halafu akaja mtu kununua kwa “gunia” lisilo na mwisho, bila kuuliza aina wala ukubwa, ile gharama yote inarudi kupitia wapi? Haina mlango. Ndiyo maana wengi wanapanda tena viazi vilivyobaki ghalani, pamoja na ugonjwa wake, na tunabaki kushangaa mavuno hayapandi. Nilimsindikiza shangazi benki kuomba mkopo wa pembejeo. Afisa akamuuliza anavuna kilo ngapi kwa ekari. Shangazi akamjibu magunia hamsini. Afisa akauliza tena kilo ngapi. Wakatazamana.

Mtaniambia hiyo ni tabia ya watu wetu, hawajazoea mizani. Nendeni Njombe mkaone. Mwanamke yuleyule anayeuza viazi kwa lumbesa asubuhi, akiwa upande wa Lupembe au Luponde, anapeleka majani ya chai kwenye kituo na yanatundikwa kwenye mizani, kilo inaandikwa kwenye kitabu chake. Jumamosi anachuma parachichi aina ya Hass, mnunuzi anakuja na kreti na mizani, anachambua ukubwa, anakataa lililochubuka, analipa kwa kilo. Parachichi hilo linasafiri kwenda kuliwa na Mzungu, au na Mhindi, maana India nayo sasa inachukua ya kwetu. Kwa mgeni tunapima. Mtanzania mwenzetu anayekula chipsi mayai Manzese tunamfungia lumbesa.

Na tazameni parachichi lilivyofanya. Miaka si mingi iliyopita lilikuwa tunda la kuangukia nguruwe. Bei ya kilo ilipojulikana, na daraja la ukubwa likajulikana, watu walianza kununua miche kwa fedha zao wenyewe, bila semina, wakang'oa hata miti ya mbao kupisha shamba. Kijana anapiga hesabu: mti huu utanipa kilo kadhaa, kilo ni kadhaa, nikipanda mia nitapata kadhaa. Anaweza kukosea, na madalali wajanja hata huko wapo, lakini ana kitu cha kuzidisha kwa kitu. Mkulima wa viazi hana.

Kuna wakati mradi mmoja ulikuja kutufundisha kupokea bei za masoko kwa simu. Wazo zuri. Hata huko Kerala, kusini mwa India, simu za mkononi zilipoingia kati ya 1997 na 2001, wavuvi wa dagaa wakubwa walianza kupiga simu wakiwa bado baharini kuuliza soko gani lina wanunuzi, na matokeo yake bei za soko na soko zikakaribiana na samaki wakaacha kumwagwa. Utafiti ule unatajwa sana. Ila bei za dagaa wale, kwenye utafiti ule, zilihesabiwa kwa kilo. Sisi ujumbe ulikuja: viazi, Dar es Salaam, gunia 105,000. Gunia lipi? La Ilala lenye kilemba kimoja au la Mabibo lenye vilemba viwili? Mjomba alisoma ujumbe, akazima simu, akauza kwa yule aliyesimama mbele yake.

Pwani yetu ilikuwa na frasila kabla ya reli na kabla ya lami. Pembe, sandarusi na karafuu vilipimwa kwa frasila, karibu kilo 16, na mfanyabiashara wa Zanzibar aliweza kuandikiana na wa Bombay bila kuulizana frasila ina kilemba au haina. Sisi tuna sado, lile kopo la rangi. Nalo siku hizi limeanza kubonyezwa kitako.

Najua mmoja wenu atasema dawa ni kuingiza viazi kwenye stakabadhi ghalani, mkulima apeleke mzigo ghalani, apewe stakabadhi, uuzwe kwa mnada, kama korosho na ufuta. Nakuombeni msifanye hivyo, walau si kwa viazi. Kwenye korosho nawapa haki yenu: kule Mtwara na Lindi kulikuwa na kangomba, mtu anapita vijijini wakati wa njaa na kopo lake, anachukua korosho kwa kipimo anachokijua yeye, na mfumo wa maghala ulioanza msimu wa 2007/08 uliweka mizani na mnada mahali pa kopo. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini tulijifunza pia mwaka 2018, wakulima walipokataa bei za mnada na Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakapewa kazi ya kusomba. Mizani ilikuwepo. Mnunuzi hakuwepo. Watu walisubiri malipo yao wakihakikiwa kama ni wakulima au ni kangomba, na wauza duka wa mjini Mtwara waliosubiri fedha za korosho nao wakasubiri. Korosho angalau inasubiri ghalani. Kiazi hakijui kusubiri. Wiki chache za joto kimeshachipua, kingine kimeoza na kuozesha jirani yake. Mimi naomba mizani, na mnunuzi niachieni nimtafute mwenyewe.

Kenya wamejaribu. Kanuni zao za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50. Lumbesa yao wanaiita mukurino, kwa ajili ya kile kilemba, na haijaisha. Gari likikamatwa barabara hii linapita ile. Lakini namba yao ninaipenda. Gunia la kilo 50 halina mvuto wa kuongezwa kichwa, linahesabika kwa macho, na halivunji mgongo. Shirika la Kazi Duniani, kwenye Pendekezo namba 128 la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima. Yule kijana wa alfajiri ya leo alibeba zaidi ya mara mbili na nusu yake, akalipwa kwa gunia moja. Anaitwa kuli, ana miaka ishirini na kitu, na tayari anatembea ameinama hata akiwa hana mzigo.

Basi ninachoomba, waheshimiwa, kianzie kwenye ushuru wenu wenyewe, maana huo mko nao mkononi leo na hauhitaji kumkamata mtu. Geti lolote linalotoza mazao liwe na mizani ya gari au hata ya kukanyagia, na risiti iandike kilo. Lisilo na mizani lisitoze. Nawahakikishia halmashauri zitapata fedha ya mizani ndani ya mwezi, kwa sababu hakuna kitu halmashauri inakimbilia kama kurudishiwa haki ya kutoza. Ule msamaha wa tani moja uwe wa tani moja kweli, kilo 1,000, si magunia kumi.

Ushuru ukishahesabiwa kwa kilo, kilemba kinakosa sababu moja. Nauli na kupakia ni mambo yetu wafanyabiashara na wenye magari, tutapatana wenyewe tukishakuwa na karatasi yenye uzito mkononi. Dereva gani atakubali kubeba kilo 142 kwa nauli ya 100 akiziona zimeandikwa?

Sokoni mjini nako pawe na mizani mlangoni, pale Fuso zinaposhushia, na bei inayobandikwa ubaoni na kutumwa kwa simu iwe ya kilo. Mkitaka kubana, mbane huku, kwenye masoko makubwa machache, usiku mzigo unapofika. Msiende kumkimbiza mama shambani Makete aliyefungiwa gunia lake na mtu mwingine mbele ya macho yake. Huyo mmeshamkimbiza mara nyingi. Nimeona mwenyewe gunia linafunguliwa barabarani, viazi vinamwagwa kwenye vumbi, na mwenye gari aliyekuja kununua ameondoka zake kwenda kijiji kinachofuata.

Vijijini wekeni mizani moja kwa kila kituo cha kukusanyia, chini ya serikali ya kijiji au ushirika wao, ikaguliwe kila mwaka na chapa ionekane. Msiwape mizani kwa sherehe ya kukata utepe halafu betri ikiisha ikawa stuli ya mtendaji. Hiyo pia nimeiona.

Wenzangu wa biashara watanikasirikia kwa barua hii. Mmoja ameshaniuliza nani kanituma. Nimemjibu kwamba lumbesa inatufaidisha siku ambayo wengine hawafungi; siku ambayo sote tunafunga, bei inashuka kulingana nayo na tunabaki tunashindana kwa urefu wa kilemba. Alinyamaza, halafu akasema nianze mimi. Nilishaanza, nikabaki na 91,000.

Kama mtapenda kuja, njooni saa kumi za usiku, kabla wanunuzi wa jumla hawajatawanyika. Msije na waandishi wa habari, nafasi ni finyu na makuli hawapendi kusimamishwa wakiwa na mzigo. Mizani yangu ya kilo 150 bado ninayo, iko nyuma ya mlango, nimeifunika kanga. Nimeipeleka tena ikakaguliwa mwaka huu ingawa sina pa kuitumia. Nitaitoa nje, tutachagua gunia lolote mtakalonyooshea kidole, likiwemo langu.

Wenu,
Muuza viazi wa jumla, Njombe na Dar es Salaam